Namna ya kupata watu kanisani, siyo kupata kiti tu

Nilihamia Dar mwaka 2014 nikitokea Mbinga, na kama unaijua Mbinga unajua kule kanisa siyo kitu cha kutafuta, unazaliwa ndani yake, katekista anamjua babu yako, mama anayepanga maua altareni alikuwepo siku unabatizwa, ukikosa misa Jumapili mbili mtu anakuja kuuliza kama unaumwa. Sasa huku nikapanga chumba Kimara, nikawa nasali misa ya kwanza ile ya saa 12 asubuhi, nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, padre akisema nendeni na amani mi tayari niko juu ya bodaboda. Miaka miwili hivo. Na nilijiona mkristo mzuri kabisa, zaka natoa, Kwaresima naungama, mpaka siku nikashikwa na malaria nikalala ndani siku nne, na mtu pekee aliyenigongea mlango alikuwa mwenye nyumba anauliza kodi.

Sikumlaumu mtu. Nani angejua? Hakuna aliyekuwa na namba yangu wala anayejua nakaa wapi. Miaka miwili nasali na mamia ya watu na ningekufa mle chumbani wangenijua kwa harufu.

Kwahiyo hiki ninachoandika ni kwa ajili ya mtu wa benchi la nyuma, na kidogo kwa wale wa mbele wanaolalamika watu wa siku hizi hawana ushirika. Mi ni Mkatoliki nitaongea kikatoliki, jumuiya, kanda, kigango, parokia, yaani kuanzia kikundi cha majirani mpaka kanisa kubwa. Kama wewe ni Mlutheri una jumuiya zako na wazee wa kanisa, Msabato una Shule ya Sabato na wakina mama wa Dorkasi, Mpentekoste una vikundi vya nyumbani. Badilisha majina tu, kazi ni ileile.

Anzia jumuiya

Misa ya Jumapili haikuwekwa ili watu wajuane, tusiilaumu. Watu wa misa ya kwanza wanatoka na wa misa ya pili wanaingia, mnapishana mlangoni kama stendi. Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, wale wa AMECEA, waliliona hili zamani, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakasema kanisa lijengwe kuanzia chini, kwa majirani wachache wanaojuana, afu mwaka 1976 wakalifanya kabisa kuwa kipaumbele. Ndo mwanzo wa hizi Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zenye majina ya watakatifu, Mt. Monika, Mt. Rita, Mt. Yuda Tadei. Karibu nusu karne sasa, na bado wengi wetu tunaiona jumuiya kama ofisi ya kusaini barua. Mtu anamtafuta mwenyekiti siku anataka kubatiza mtoto au kufunga ndoa, anakuja na tabasamu kubwa na soda mbili. Mwenyekiti anasaini, ila na yeye ni binadamu, anajua.

Kuipata jumuiya yako siyo kazi ngumu. Unaweza kuuliza ofisi ya parokia, watakuuliza unakaa upande gani watakuelekeza. Ila njia ya haraka ni kumuuliza mama wa genge. Mama wa genge anajua nani anasali wapi, nani amehama, nani anaumwa, nyumba gani Jumamosi asubuhi huwa inatoka nyimbo. Mi yangu niliipata hivo, nikiwa nanunua nyanya.

Na ukiwa unasali Jumapili usikimbie kabla ya matangazo. Najua yanachosha, najua yule katibu anasoma taratibu kama analipwa kwa neno, lakini humo ndo unasikia leo kuna ugonjwa kwa nani, msiba uko wapi, kanda gani inafanya usafi. Afu nje kuna mnada. Watu wanadharau mnada wa mavuno ila hakuna sehemu watu wanacheka pale kanisani kama kwenye mnada, kuku mmoja anauzwa mara tatu maana kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, mzee fulani anapandisha bei ya papai makusudi ili kumkomoa rafiki yake. Simama pale. Nunua hata mayai matatu. Ukimnunulia bibi aliyesimama pembeni yako mkungu wa ndizi, jioni mtaa mzima una habari kuna kijana mpya ana adabu.

Siku ya kwanza

Jumuiya inasali nyumbani kwa mwanajumuiya, wewe fika mapema kuliko muda uliotajwa. Hii ni siri kubwa kuliko inavyosikika, maana anayefika mapema anakutana na mwenye nyumba anahangaika kutandika mkeka, na hapo tayari una kazi ya kufanya, wakati anayechelewa anaingia watu wameshaanza sala, anakaa pembeni, mwisho wa sala anaaga. Salamu ni "Tumsifu Yesu Kristo", wanaitikia "Milele amina", afu wazee wote unawapa shikamoo mmoja mmoja, usirushe shikamoo moja ya jumla kama unatupia kuku mtama.

Utaambiwa ujitambulishe. Sema jina, umetokea wapi, na unakaa karibu na nini. Hicho cha mwisho ndo muhimu kuliko vyote. Usiseme "nakaa kule juu", sema nakaa nyumba ya geti la kijani nyuma ya mashine ya kusaga, mtu akitaka kukufikia usiku akufikie. Kazi yako taja kwa ufupi bila cheo. Nimeona mtu siku ya kwanza anajitambulisha dakika tano na digrii zake zote, watu wakawa wanamwita mheshimiwa, na mheshimiwa hapigiwi simu ya kuja kusogeza kabati.

Majina yao yaandike. Mi natoka naandika kwenye simu njiani: Mama Junior wa kona, Mzee wa baiskeli, Dada wa saluni mwenye mapacha. Jumamosi inayofuata nikimwita mtu kwa jina anashtuka kabisa. Ukifungua Warumi 16 utaona Paulo anafanya hichohicho, sura karibu yote ni majina, Priska na Akila, Epaineto, Mariamu, Trifaina na Trifosa, na wengi wao anawatajia kitu chao, huyu alifungwa pamoja nami, huyu amefanya kazi sana. Akifika kwa Rufo anamsalimia na mama yake, anasema ni mama yangu pia. Ile sura tunairukaga tukiona haina mafundisho. Mi naona kama unataka kujua Paulo aliwezaje kuwa na watu kila mji, imeandikwa pale.

Omba jembe siku ya kwanza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe usisubiri ya tatu. Waombe jembe mwenyewe.

Maana yangu ni hii, urafiki wa kanisani haukui watu wakikaa wanatazamana, unakua mikono ikiwa inafanya kitu. Nimekaa kwenye semina za umoja na upendo, mtoa mada kashika maiki anasema mgeukie jirani yako umwambie nakupenda, nikageuka nikamwambia, akaniambia, tukatoka hatujui hata majina. Ila yule niliyesaidiana nae kufunga turubai la msiba saa tano usiku mvua inanyesha, kamba inateleza, tunagombana nani alifunga fundo baya, huyo mpaka leo akiniita nafika.

Kwahiyo chagua kazi ndogo ambayo hakuna anayeigombania. Kubeba viti. Kuandika mahudhurio. Kusoma somo kama sauti yako inasikika. Kuchukua namba za simu za wagonjwa. Kwa wakina mama jikoni ndo makao makuu, ukikaa kwenye sinia la mchele mnachambua pamoja, au kwenye vitunguu, kwa saa mbili utajua historia ya jumuiya nzima pamoja na zile sehemu ambazo haziandikwi. Mwanaume nae asikimbie jikoni, kuna kuni za kupasua, kuna sufuria la pilau la watu mia haligeuzwi na mtu mmoja. Ikifika sikukuu ya somo wa jumuiya, yule mtakatifu mnayebeba jina lake, usiwe yule wa kutoa mchango afu unakuja saa saba mchana na miwani kula.

Hatua ya sita

Kwenye jumuiya nyingi tunasoma Injili kwa ile njia ya hatua saba, iliyotengenezwa na taasisi ya Lumko kule Afrika Kusini. Unamkaribisha Bwana, mnasoma, mnarudia maneno yaliyokugusa, mnanyamaza, mnashirikishana, hatua ya sita mnaongelea kazi gani mnaitwa kuifanya, ya saba mnasali. Sasa angalia jumuiya yako, hatua ya tano inachukua nusu saa kwa sababu kuna mzee mmoja anapenda kuhubiri, ikifika ya sita mtu anasema "basi tuzidi kupendana", wanarukia ya saba, watu waende sokoni.

Hapo ndo mnapoteza kila kitu. Hatua ya sita ndo mahali pa kuuliza nani hayupo leo na kwa nini. Nani anaumwa, nani ataenda kumuona, lini, saa ngapi, na nani. Siyo "twendeni tukamuone mama fulani", hiyo haina mtu. Ni "Baba Neema na wewe kijana mgeni, leo saa kumi, mpite na sukari". Kama ni mwenyekiti unasoma hapa, naomba ujaribu miezi mitatu tu kuwatuma watu wawiliwawili ambao hawazoeani, mzee na kijana, wa getini na wa chumba kimoja. Wakitembea kwenda kwa mgonjwa na kurudi wameshaongea mambo ambayo kwenye jumuiya hawataongea miaka kumi.

Kwa mgonjwa msikae sana. Dakika ishirini zinatosha, sali kifupi, usimsimulie habari za shangazi yako aliyekufa na ugonjwa huohuo (usicheke, watu wanafanya).

Mchango wa simu hauna sura

Hapa nina ugomvi kidogo na sisi watu wa mjini. Siku hizi msiba ukitangazwa kwenye grupu la WhatsApp dakika tano hazijaisha kuna "pumzika kwa amani" themanini, mikono ya kusali, njiwa, mishumaa, afu mtu anatuma elfu kumi kwa mweka hazina kwa M-Pesa anaandika "nimewakilisha". Elfu kumi ni nzuri, jeneza halinunuliwi kwa njiwa. Lakini mfiwa hatakumbuka elfu kumi yako, ataisikia kwenye jumla. Atakumbuka nani alikuja usiku wa kwanza akakaa nje kwenye kiti cha plastiki mpaka asubuhi bila kusema kitu.

Mi kanuni yangu, na nimeivunja mara kadhaa sitadanganya, ni kwamba kati ya kwenda na kutuma, kama naweza kwenda naenda, hata nusu saa, hata mikono mitupu. Nikifika sitafuti maneno. Unasema pole, unakaa. Ukiona ndoo za maji zimeisha unachota. Kesho yake kama kuna safari ya makaburini unapanda gari ya wachimbaji, siyo ya viongozi.

Kuna kitu kingine nilifundishwa na mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, yeye kwenye msiba anakuja kawaida kama wengine ila ziara yake yenyewe anaifanya wiki ya tatu. Anasema siku tatu za mwanzo mfiwa ana watu mpaka wanamchosha, turubai likishashushwa na ndugu wamepanda basi, ndo nyumba inakuwa kubwa. Wiki ya tatu anaenda na vitumbua, anakaa jikoni, anamuacha mwenzie aongee. Niliweka alama kwenye simu, kila msiba nahesabu siku ishirini inanikumbusha. Unaona aibu kupangia huruma tarehe, lakini bila hivo unasahau, foleni ya Morogoro Road inakusahaulisha kila kitu.

Kubali kudaiwa

Hii ilinichukua muda kuielewa na nadhani ndo yenyewe hasa. Wengi tunadhani ukitaka watu wakupende uwape. Toa mchango mkubwa, toa lifti, toa ushauri. Sawa, lakini mtu anayetoa tu na hapokei hana rafiki, ana wateja. Watu wanakuheshimu ila hawakuzoei. Ukitaka mtu awe ndugu yako muombe kitu. Kidogo, cha kweli, unachokihitaji. Niazime ngazi. Nisaidie kumchukua mtoto shule leo. Nielekeze fundi bomba mwaminifu. Niombeeni, nina usahili Jumatatu na naogopa.

Nilipougua mara ya pili, tayari nilikuwa jumuiya, mama mmoja jirani akaniletea makande kwenye hotpoti ya bluu. Nikaona haya, nikataka nimlipe, akaniangalia kama nimemtukana. Baadae nikajua kwetu chombo hakirudi kitupu, na hata Mbinga ni hivo sema mji ulikuwa umeshanifuta, kwahiyo nilipopona nikairudisha na maharage ya nyumbani niliyoletewa na basi. Wiki mbili hotpoti imerudi na mihogo.

Kuikaribisha jumuiya kwako

Hapa ndo watu wengi wanakimbia. Ratiba ya jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba, na mwezi wa Oktoba kwenye rozari ndo kabisa, picha ya Bikira Maria inahama kila siku na watu wanaifuata. Mtu mwenye chumba kimoja anaona aibu, anasema mwezi huu nina safari. Mi niliisema hiyo safari mara mbili, nikiwa nimejifungia ndani na taa nimezima.

Siku nilipokubali walikuja watu kumi na tisa. Wakakaa uani kwenye mikeka niliyoazima kwa wapangaji wenzangu, mmoja ni Muislamu, yeye ndo alitandika vizuri kuliko mimi na akatuletea benchi. Kitanda changu kilijaa mikoba ya wakina mama. Na sijui kwa nini lakini tangu siku ile watu waliokuwa wanapita tu, sasa wakipita wanaita, maana walishaona nakaaje hakuna cha kuficha.

Ushauri kwa viongozi: kubalianeni kwamba jumuiya haili. Maji ya kunywa basi, zaidi sana chai. Ukiruhusu huyu atoe pilau, wiki ijayo mwenzie lazima atoe pilau na soda, wa tatu anakopa, wa nne anahama jumuiya kimyakimya. Pilau libaki la siku ya somo, mnachangia wote.

Vitu vinavyovunja

Hela ndo ya kwanza. Jumuiya nyingi zina mfuko wa kufa na kuzikana na hilo ni jambo jema sana, liandikwe daftarini, liwe na katiba hata ya karatasi moja, nani anafiwa anapewa kiasi gani, wazazi ni wangapi, wakwe wamo au hawamo. Hilo la wakwe liamueni mapema, nimeona jumuiya imegawanyika kwa sababu ya mkwe. Kikoba kianzisheni kikiwa kando na chenye viongozi wengine, msichanganye mwenyekiti wa sala na mwenyekiti wa mikopo, maana mtu akishindwa kurejesha anaacha na kusali. Na kukopeshana watu wawili chinichini, toa kile ambacho kisiporudi utaendelea kumsalimia. Wale wenye "fursa", unajiunga afu unaleta watu watatu chini yako, wasipewe dakika hata mbili baada ya sala. Ukiuza karanga uza karanga, tutanunua.

Ya pili ni umbea uliovaa joho la maombi. "Nakwambia wewe tu ili umuombee, mume wake karudi tena kwa yule mwanamke." Hayo siyo maombi. Kama mtu kakwambia shida yake muulize palepale, hili niliseme kwenye jumuiya au nibaki nalo? Akisema baki nalo, basi hata mkeo asijue. Mtu akigundua siri yake imezunguka kanda nzima kwa njia ya maombi harudi, na hawezi kukwambia kwa nini harudi.

Ya tatu ni jinsi tunavyogombana. Ugomvi utakuwepo. Kwenye Matendo sura ya 6 kanisa lina muda mfupi tu na tayari kuna manung'uniko, wajane wa upande mmoja wanarukwa kwenye mgao wa kila siku, kwahiyo ukiona watu wamenuniana kwa sababu ya minofu ya kuku usifikiri Kimara ndo tumeanzisha. Mitume hawakuwaambia wajane waache kulalamika, waliwaambia waumini wachague watu saba wa kusimamia mgao. Malalamiko mengine ni ya haki na dawa yake ni utaratibu tu.

Ila kama ni kati yako na mtu, Mathayo 18 imeweka ngazi: nenda mwenyewe mkiwa wawili, asiposikia chukua mmoja au wawili, ndo baadae kanisa. Sisi tunaipanda kutokea juu. Kwanza tunampigia padre, afu tunaweka stetasi yenye mafumbo, afu grupu zima linajua, mwisho kabisa mhusika anasikia. Mi niliwahi kukwazana na mtu wa kwaya kwa meseji niliyoisoma vibaya usiku nikiwa na njaa, nikamjibu vibaya, yeye akajibu, ikawa miezi mitano hatupeani amani ya Kristo, kila mmoja akisikia peaneni amani anageukia upande mwingine. Nilipoenda kwake hatimaye, hakukumbuka ilianzaje. Alichokumbuka ni kwamba sikwenda kumpa pole alipofiwa na mjomba. Kwahiyo usigombane kwa meseji. Piga simu, au nenda, na nenda mchana baada ya kula.

Wale ambao hamuwaoni

Hesabu wanaume kwenye jumuiya yako. Wawili, watatu? Na wote ni viongozi. Wanaume wengi hawaji kwa sababu wanaona jumuiya ni kukaa na kuongea hisia mbele ya wake za watu, waiteni kwenye kazi kwanza, kuezeka paa la bibi, kuchimba choo, sala itafuata wakiwa na jasho.

Afu kuna wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisa. Hawapokei komunyo, wanaona kila mtu anawahesabu, wanajificha. Usianze na ndoa yao. Anza na mtoto wao, aje Utoto Mtakatifu, kile kikundi cha watoto, afu mama atamleta, afu baba atakuja kumchukua. Siku wakiwa tayari wataulizia wenyewe, na parokia nyingi zinafungisha ndoa za pamoja bila gharama za ukumbi.

Dada wa kazi anayebaki nyumbani kila Jumapili wakati bosi yuko misani, huyo ongea na bosi wake, misa ziko zaidi ya moja. Bodaboda aliyepaki nje ya geti la kanisa anasubiri abiria, mara nyingi amebatizwa, muulize tu parokia ya kwao ni ipi. Mzee asiyeweza kutembea apelekewe komunyo, na anayempelekea akae nae kidogo asiwe kama anapeleka gesi.

Wanafunzi waliopanga mageto msisubiri wajue jumuiya, wapitieni. Wanakula vibaya hao, wakisikia chai watakuja.

Hivi vyote usivifanye kwa mkupuo, utachoka mwezi mmoja upotee, na watu wakishakuzoea ukapotea wanaumia kuliko ambavyo usingekuja. Jumamosi moja moja. Mi wiki nyingine nachelewa, wiki nyingine siendi nalala, ila sasa nikikosa saa tatu simu inaita, "wewe uko wapi, au unaumwa?"

Ile hotpoti ya bluu bado inazunguka. Ilienda kwa mama mwenye mapacha alipojifungua, ikaenda kwa yule wa kwaya, sikio moja la kifuniko limevunjika na hakuna anayekumbuka vizuri ilikuwa ya nani. Juzi imerudi kwangu na magimbi, na Jumamosi jumuiya iko kwa mzee wa baiskeli ambaye mkewe ametoka hospitali, kwahiyo nina siku mbili za kufikiria nitaweka nini ndani.